Fonti Elfu Nne na Dada Mmoja

Dukani, 4 Mei

Mpwa wangu,

Nakuandikia kwa mkono na usidhani nimefilisika. Kompyuta nimeiwasha tangu nilipofungua mlango. Nimefagia, nimenyunyiza maji vumbi la barazani, nimekunywa chai, nimeongea na fundi saa wa jirani mpaka akakumbuka ana kazi, na nikirudi bado inazungusha kile kiduara chake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikaona badala ya kukaa kuitazama nikuandikie wewe, mwenye akili za mashine, unayepanga kurasa za vitabu huko kwa wakubwa.

Simu sitaki. Mimi ni mtu wa karatasi. Neno la simu likishatoka limepotea, la karatasi mtu anaweza kulirudia akalifaidi. Barua nampa dereva wa basi la vifurushi, kesho kutwa unayo.

Shida ni fonti. Ninazo elfu nne, mwanangu, na sitii chumvi, mashine yenyewe ndiyo iliyohesabu. Hakuna duka la uchapaji lenye nusu yake. Mteja akitaka herufi za kulia ninazo, akitaka za kucheka ninazo. Mwaka juzi nilichapa kadi ya harusi kwa herufi tamu kiasi kwamba mtu aliyeiokota njiani, hajaalikwa na yeyote, alikwenda kununua suti.

Zote nimezisakinisha, maana fonti iliyokaa kwenye folda bila kusakinishwa naiona kama mfanyakazi aliyelala. Sasa naambiwa ndiyo sababu mashine ikiamka inaanza kuzisalimia zote moja moja. Nimesikia kuna programu za kusimamia fonti, yaani nyapara wa kuzipanga foleni. Nichagulie moja. Iwe kali.

Na iwe haraka. Tarehe 14 Juni ni mahafali ya chuo cha wauguzi, vyeti mia mbili na kumi na viwili, kwa zile herufi zetu maalumu unazozijua. Mkuu wa chuo alisema mwaka jana kwamba cheti chenye herufi zile ukikitundika ukutani peke yake kinashusha homa. Mwaka huu wamerudi kwangu, na wakiridhika wananipa kazi zote za chuo, mitihani, vitabu vya mahudhurio, kila kitu. Wasiporidhika wanahamia kwa yule mwenye mashine kubwa karibu na stendi.

Usinione mshamba wa kupanga herufi. Nilipokuwa kijana kiwandani, zama za herufi za risasi, nilidondosha droo nzima yenye vijumba mia moja, zikamwagika sakafuni kama mchele. Msimamizi akasema kazi sina. Nikamwambia, nifunge macho. Akanifunga kitambaa. Kwa saa moja, kwa kupapasa tu, nilirudisha kila herufi kijumbani mwake. Mzee yule alilia.

Mama yako hajambo, anapumzika nyumbani. Nilimwambia mwenyewe, Dada, pumzika kidogo, kazi naimudu.

Kile kiduara bado kinazunguka.

Mimi mjomba wako,
Wino

*

11 Mei

Shikamoo Mjomba,

Barua nimeipata na nimecheka mpaka wenzangu ofisini wakaniuliza nasoma nini. Mwenye suti alikula harusini au alirudishwa mlangoni?

Kuhusu programu. Hapa kazini tunatumia fonti karibu elfu mbili, na kompyuta zinafunguka kabla sijavuta kiti, kwa hiyo tatizo lako linatibika. Lakini siwezi kukuchagulia kama viatu, bila kujua mguu. Programu za fonti zina tabia tofauti. Ziko za kuonyesha tu: unaandika neno, zinakuonyesha neno hilo kwa herufi zako zote, mteja anachagua, basi. Ziko za kuwasha na kuzima. Hizo zinaziacha fonti zilale kwenye folda na kuziamsha zile tu unazozihitaji kwa kazi ya siku hiyo, nawe unaweza kuzipanga kwa makundi, kadi za harusi huku, mabango huku. Halafu ziko za kusafisha, zinazotafuta fonti mbovu na zilizojirudia na kuziondoa. Hizi za mwisho zinavutia sana mtu mwenye haraka. Naomba usiziguse kabla hujaweka nakala ya kila kitu pembeni.

Kwa duka lako nafikiria ya aina ya pili. Ila niambie kwanza: katika hizo elfu nne, ngapi mnazitumia kweli? Kazi za zamani mkizifungua, mnajuaje ilitumika fonti gani? Na zile herufi za vyeti zimehifadhiwa wapi, kwenye kompyuta tu, au kuna nakala?

Najua Mama ana majibu yote kwenye daftari lake la jalada la kijani, ambalo kila mteja ana ukurasa wake. Muulize, au muombe aniandikie. Nimemtumia barua wiki iliyopita hajanijibu, si kawaida yake.

Hiyo habari ya kupumzika imenishangaza. Mama yangu aliwahi kupiga pasi mapazia akiwa na malaria.

Mpwa wako

*

Dukani, 17 Mei

Mpwa wangu,

Unaona hii si ya mkono. Nimeichapa. Kompyuta sasa inawaka kabla kidole hakijaachia kitufe, mpaka juzi ilinishtua.

Maswali yako ni mazuri, yanaonyesha ada ya shule haikupotea. Ngapi tunazitumia? Zote. Mimi sibagui. Tunajuaje ilitumika ipi? Kwa kichwa, hiki hiki. Nikiona bango nakwambia herufi zake, mwaka wake, na mvua ilinyesha au haikunyesha. Daftari la kijani kwa sasa halipo dukani. Liko nyumbani nalo linapumzika.

Nilizitafakari zile aina zako tatu nikazipa majina. Ya kwanza nimeiita Dirisha. Ya pili Matroni, maana inaamsha na kulaza watu. Ya tatu Fagio. Sasa mwanangu, wewe unanishauri Matroni, na Matroni anataka mtu akae naye siku nzima kumwambia huyu ni nani, yule alale wapi, kundi gani. Mimi muda huo ninao? Fagio haliulizi. Fundi wa kompyuta wa ghorofa ya juu alikuwa nalo, akaniwekea, nikabofya mara moja tu, likapita kama upepo wa masika. Limekuta fonti zilizojirudia mara saba. Limekuta nyingine vilema. Kutoka elfu nne nimebaki na mia sita na kumi na moja, zote askari.

Fundi aliuliza kama nina nakala. Nikamwambia nakala ya mchapaji ni kichwa chake.

Jumatatu naanza vyeti. Karatasi nzito imeshafika, nimeipanga dukani mpaka mteja mmoja akadhani tunafungua benki. Herufi za vyeti zile mimi nazijua kama kiganja changu, usiwe na shaka. Nimelifungua lile faili la mwaka jana, limefunguka bila tatizo, maneno yote yapo.

Mama yako hajambo.

Wino

*

22 Mei

Mjomba,

Hii naandika kwa haraka na dereva ananisubiri. Kama hujachapa, usichape.

Faili kufunguka si dalili ya usalama. Fonti ikiondolewa, kompyuta mara nyingi haipigi kelele. Inachukua nyingine inayofanana kidogo, inaiweka palepale, na maneno yote yanabaki yapo. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka kitabu kizima mtamboni kikiwa na herufi za kukodi, na nilikuwa nimekisoma mara mbili. Chukua cheti cha mwaka jana, kiweke kando ya kipya, utazame herufi moja moja kwa kidole.

Fagio lina tabia ya kutupa fonti isiyo na taarifa za aliyeitengeneza, linaiona kama mtoto aliyeokotwa. Na zile za vyeti sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuzijazia taarifa.

Mjomba, nakuuliza kwa adabu. Mama anapumzika kweli?

Mpwa wako

*

24 Mei

Mwanangu,

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa nangoja hasira ipungue nisije nikakuandikia maneno ya mjomba wako badala ya habari zangu.

Siumwi. Sipumziki. Nimefua kila kitu chenye uzi ndani ya nyumba hii, na jana nilijikuta napanga vijiko kwa urefu. Nimeacha kwenda dukani tangu tarehe 22 ya mwezi uliopita.

Siku hiyo mkuu wa chuo cha wauguzi alikuja kuagiza vyeti. Mama mpole, ana macho ya kuona. Akakishika cha mwaka jana, akauliza, hizi herufi ni nani aliyezichora, mbona sijawahi kuziona pengine? Mimi nilikuwa kwenye kompyuta, hatua tatu kutoka walipo. Mjomba wako akajipiga kifua akasema ni yeye. Akaeleza alivyoziota. Akaeleza alivyoamka akachora ukutani kwa mkaa. Yule mama akanigeukia kwa heshima, akauliza na dada je? Naye akasema, "Huyu ananisaidia kubonyeza."

Nikamaliza kubonyeza nilichokuwa nabonyeza. Nikazima skrini, nikachukua mkoba, daftari langu na flashi yangu, nikaaga vizuri, nikatoka.

Wewe unajua. Ulikuwa nyumbani likizo ile nilipozichora, miezi mitatu, meza ya chakula imejaa karatasi mpaka tukawa tunakula kwenye ngazi. Ile g tu niliichora mara arobaini na tatu, maana nilitaka mkia wake uzunguke kama bendeji inavyozungushwa kidoleni, na neno lenyewe ni uuguzi, g imekaa katikati ya cheti hawezi kuikwepa mtu. Mjomba wako alipita mara mbili na kusema chai yangu imepoa. Huo ndio mchango wake.

Si kwamba amesema uongo. Uongo wake tumeishi nao miaka yote na mwingine naupenda, ule wa suti nimewahi kuusimulia mwenyewe. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa palepale, na hakunitazama hata kuomba radhi kwa jicho.

Usimwandikie kumgombeza. Ni mdogo wangu. Na usimpelekee chochote kutoka kwangu.

Mama yako

*

Dukani, 2 Juni

Mpwa wangu,

Barua yako ya tarehe 22 ilinifikia tarehe 25, saa nne. Vyeti vilikuwa vimeshatoka vyote. Nilivipanga mezani, vinang'aa, nikasoma barua yako nikacheka. Nikachukua cha mwaka jana nikakiweka kando kama ulivyosema, nikapitisha kidole. Nakuapia niliona sawa. Nikajiambia mpwa wangu ana woga wa watu wa maofisini.

Jana mkuu wa chuo alikuja kuvitazama. Nilimwekea kiti, nikamfungulia cha kwanza kama mtu anavyofungua kanga mpya. Akakitazama. Kisha akatoa cha mwaka jana kwenye mkoba wake, akakilaza kando, akaweka ncha ya kalamu yake chini ya neno uuguzi. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama hizi ni zile nilizozichora mimi.

Nikasema ndizo.

Akasema, "Basi umeusahau mkono wako."

Mwanangu, nilikitazama kile kimkia cha g. Cha mwaka jana kimezunguka, kimejifunga, kimerudi. Changu kimening'inia tu kama kamba ya kiatu. Nami nilishapitisha kidole hapo siku saba zilizopita nisione chochote. Mtu aliyedai ameziota.

Nilijaribu kumweleza habari za unyevu na karatasi kuvuta wino. Akanisikiliza mpaka mwisho, tena akanishukuru. Akasema anarudi tarehe 12 asubuhi, akikuta herufi zake atavichukua, asipozikuta ataenda stendi. Vyeti mia mbili na kumi na viwili nimevigeuza upande wa nyuma nisivione.

Nimepanda kwa fundi. Fagio liliitupa ile fonti kwa sababu ndani yake mahali pa jina la mchoraji palikuwa patupu, kama ulivyosema. Na lilichotupa hakirudi, lilishakifuta.

Sasa sikiliza. Mama yako anayo kwenye flashi. Muombe, lakini usimwambie kwamba nimekutuma. Mwambie unaitaka kwa kazi yako. Halafu unitumie kwa basi, mimi nachapa, mambo yanaisha kimyakimya, hakuna aliyeumia. Nafanya hivi kwa ajili yake pia, duka ni letu sote.

Wino

*

5 Juni

Mjomba,

Sitamwomba. Hata ningekuwa nayo hapa mezani nisingekutumia.

Mama ameniandikia. Hakunituma nikugombeze, na mimi si wa umri wa kukugombeza. Nitakwambia la programu tu, kwa kuwa ndilo uliloniuliza tangu mwanzo.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi yenye programu niliyokuchagulia. Ni ile aina unayoiita Matroni. Nimejaribu tatu hapa nyumbani. Moja ilikuwa na madoido mengi na ilihitaji mtandao kila wakati, na mtandao wako naujua. Nyingine iliyaweka majina ya fonti madogo sana, nikakumbuka miwani yako. Hii inaonyesha neno lolote kwa ukubwa unaotaka, haihitaji mtandao, na haifuti kitu, hata ukiibembeleza. Fonti unazihifadhi kwenye folda moja na nakala yake nje, unaziamsha za kazi ya leo, jioni unazilaza. Na kila fonti ina kikadi chake cha kujaza: mteja gani, kazi gani, mwaka gani, mchoraji nani. Ukifungua kazi ya zamani na fonti yake haijaamshwa, inakuambia waziwazi.

Inakufaa. Lakini ni tupu, Mjomba. Siku ya kwanza haijui lolote. Ili ikusaidie lazima mtu anayejua aketi nayo aiambie. Hiyo programu ya kujua kila mteja na herufi zake, kujua ipi ni mbovu na ipi ni yatima tu, kuweka nakala bila kuambiwa, mlikuwa nayo dukani miaka kumi na tisa. Inakaa mitaa miwili kutoka hapo. Siku hizi inapanga vijiko kwa urefu.

Tarehe 12 si mbali.

Mpwa wako

*

Kwa mkono, 7 Juni

Dada,

Shikamoo.

Nimeianza barua hii mara tano. Katika zile nne za kwanza nilikuwa nashinda ubishi, nimezichana.

Sikuchora zile herufi. Wewe unajua, mimi najua, mpwa wangu anajua, na mkuu wa chuo naye ameshajua bila kuambiwa. Nilichapa vyeti vyote kwa herufi nyingine nisitambue. Ndiyo adhabu yangu, nimeitumikia mbele ya mteja nikiwa nimesimama.

Kuna jambo jingine. Mwanao nilimsimulia tena ile habari ya droo ya herufi za risasi, kwamba nilifungwa macho. Nimeisimulia mara nyingi mpaka nimeanza kukiona kitambaa. Sikufungwa macho. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mapipa ya wino nalia. Nilikuwa nimeshaacha shule na kiwanda kile ndicho kitu pekee kilichokuwa kimenikubali. Wewe ulikuja na sare ya shule kuniletea chakula, ukaweka bakuli juu ya dirisha, ukapiga magoti. Siku tatu, kila ukitoka shule. Mimi nilikushikia droo. Msimamizi alipoikuta imepangwa akanisifu mimi, nami nikamtazama usoni nikanyamaza. Nikakugeukia, na wewe ukacheka tu.

Nadhani hapo ndipo nilipozoea.

Ninakuomba herufi zako. Kama hutaki kuja dukani nitachapa kwingine, uniambie wapi. Kama hutaki kunipa, nitamwambia mkuu wa chuo aende stendi, na nitamwambia sababu.

Barua hii nimeipitisha chini ya mlango. Sikubisha hodi kwa sababu ningeanza kuongea.

Mdogo wako

*

Dukani, 16 Juni

Mpwa wangu,

Tumepona. Nakaa nikueleze vizuri, na nitajitahidi.

Tarehe 8 asubuhi nilifika nikakuta mlango wa duka umefunguliwa. Nilidhani wezi, nikaokota tofali. Kumbe ni mama yako, ana ufunguo wake. Hakunijibu salamu, alisogeza tu mkoba uliokuwa kwenye kiti changu ili nikae. Daftari la kijani lilikuwa mezani. Programu yako alikuwa ameshaisakinisha na anailisha, ukurasa kwa ukurasa, mteja huyu herufi hizi, mteja yule zile. Siku nzima sikusikia sauti yake isipokuwa mara moja, alipouliza kama chai ni ya mtu mmoja.

Unajua tunatumia ngapi? Themanini na sita. Katika elfu nne. Nilimwambia haiwezekani, akanigeuzia skrini. Nyingine zote, mwanangu, nilikuwa nazilipia chakula bure. Matroni anawaamsha kumi na wawili kwa siku, wanafanya kazi, wanalala. Kompyuta iko kimya mpaka nina wasiwasi nayo.

Karatasi nilienda kutafuta mwenyewe. Tukachapa tarehe 10 na 11, yeye kwenye kompyuta, mimi nikipokea. Kila cheti kilipotoka niliitazama ile g. Zote mia mbili na kumi na mbili. Sasa hata ukinifunga macho — hapana, hilo tuliache.

Mkuu wa chuo alikuja tarehe 12 kama alivyosema. Akaweka kalamu palepale chini ya uuguzi. Akatabasamu, akaniambia nimeukumbuka mkono wangu. Mama yako alikuwa hatua tatu kutoka tulipo, anatazama skrini, habonyezi kitu.

Nilikuwa na maneno mengi tayari, niliyatayarisha tangu usiku uliopita, mazuri sana, yalianza na historia ya uchapaji. Nikamwambia, "Mimi nabonyeza tu. Mchoraji ni huyu dada yangu."

Yule mama hakushangaa hata kidogo. Alimwendea akamshika mikono yote miwili. Waliongea kuhusu mkia wa g muda mrefu kuliko watu wanavyoongea kuhusu ndugu waliofariki. Mimi nikafunga vifurushi. Kazi za chuo tumepewa, na barua ya kutupatia kazi hizo imeandikiwa mama yako, mimi nimetajwa kwenye nakala.

Alipoondoka niliketi kwenye kompyuta nizilaze fonti, nimeshajifunza. Nikafungua kikadi cha herufi za vyeti. Mteja amejaza. Kazi amejaza. Mwaka amejaza. Mahali pa mchoraji ameacha patupu. Kwa fonti zote themanini na sita hakuacha kisanduku hata kimoja, isipokuwa hicho. Nikageuka nimuulize, nikakuta ananitazama.

Basi nikapajaza. Jina lake kamili, la baba yetu na yote, kwa kasi ya ajabu, vidole kumi, mashine ikaanza kupata moto.

Mwenye suti alikula. Alipewa mpaka meza ya mbele.

Wino

Mwanangu, amenipa barua niipeleke kwa dereva na hakuifunga, kwa hiyo naongeza hapa chini. Kilikuwa kidole kimoja, na ilimchukua dakika sita. Nilisimama nyuma yake nikangoja. Sikumsaidia hata herufi moja. Mama.